Semina ya "uongozi wa kimungu" ya elfu sitini: siku ya pili ndo ilikua semina

Watu wengi wananiuliza kama ile semina ya Biblia, serikali na uongozi wa kimungu iliyofanyika Morogoro ilikua na thamani ya hela, na kwa kua nasikia wanaipeleka na mikoa mingine naandika yote hapa kwa pamoja. Huduma iliyoandaa siitaji jina, aliyeona bango anaijua. Ilikua siku tatu, Alhamisi mpaka Jumamosi, elfu sitini kwa kichwa, ndani yake chai, chakula cha mchana, kitini na cheti. Jibu fupi ni kwamba siku ya kwanza nawapa nyota moja na nusu, ya pili tano kamili na ningeongeza kama zingekuepo, ya tatu ntaelezea huko mbele maana ina mambo yake.

Tuanze na mapokezi. Kujiandikisha kulikua safi kabisa, unalipa kwa simu unatumiwa meseji, ukifika mlangoni dada anakuangalia kwenye orodha anakupa beji na kitini, dakika mbili umemaliza. Hapo sina neno, kuna mashirika makubwa yanashindwa hicho kitu. Ukumbi ulikua mzuri ila feni zilikua upande mmoja tu, na viti ni vya plastiki isipokua mbele kabisa walipanga masofa yenye vitambaa na maji ya chupa kwa ajili ya wageni maalum. Bango linasema saa mbili asubuhi, tumekaa tunaimba mapambio mpaka saa nne na nusu kwa sababu mgeni rasmi, mwanasiasa mmoja, hajafika. Akafika na watu wake, watu wawili wazee waliokua wamekaa mstari wa pili wakanyanyuliwa wapishe walinzi. Sasa mimi nikafungua Yakobo sura ya pili nikamuonyesha dada niliyekaa naye, pale panaposema akiingia mtu mwenye pete ya dhahabu mnamwambia keti hapa mahali pazuri na maskini mnamwambia simama pale. Dada wa watu alicheka mpaka mshereheshaji akatuangalia vibaya.

Mgeni rasmi akaongea, na alivyoongea sio mbaya kwa kweli, akasalimia akaomba maombi akatoa ahadi ya mifuko ya simenti akaondoka kabla somo halijaanza. Yani mtu pekee ukumbini ambaye somo la utawala lilikua linamhusu moja kwa moja ndo hakulisikia.

Somo la kwanza lilikua Warumi 13. Mwalimu ni mchungaji kijana, sauti nzuri, slaidi za rangi rangi. Akaweka mstari wa kwanza na wa pili kwenye projekta, "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu, kwa maana hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu," akaeleza kwamba asiyetii anashindana na agizo la Mungu, akatoa mifano ya kulipa kodi, kutii trafiki, kutotukana viongozi mitandaoni, na hapo akaishia. Saa nzima na robo kwenye mistari miwili! Mstari wa tatu na wa nne haukuonekana kabisa, wala kwenye kitini haupo, na hiyo ndo mistari inayosema mtawala yupo kwa kazi gani, kwamba yeye ni mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema, na kwamba watendao mema hawana sababu ya kumuogopa. Ukiitoa hiyo umebakiza nusu ya sentensi ya Paulo. Alafu hakutuambia hata kwamba Paulo anaandika kwa watu wanaoishi Rumi, kwenye miaka ya 50 huko, Nero ndo yupo kwenye kiti, na Paulo mwenyewe ni mtu aliyekwisha kufungwa na kupigwa fimbo na wakuu wa mji kule Filipi, na walipotaka kumtoa kimya kimya akagoma akasema waje wenyewe watutoe. Matendo 16 hiyo. Mtu anayeandika tii mamlaka ndo huyo huyo aliyewadai mahakimu waje wenyewe kumtoa gerezani, sasa utafundishaje moja ukaacha jingine.

Kuna kijana mmoja akasimama kistaarabu tu, Bwana Yesu asifiwe mchungaji, naomba kuuliza, je kama mamlaka yenyewe ndo inatenda uovu, inakuaje? Akajibiwa "swali zuri sana, tutaliongelea wakati wa chai". Chai tukanywa, hakuna aliyeliongelea.

Na hili sio jambo la kuchezea jamani, maana hiyo mistari miwili ina historia. Pasaka ya mwaka 1985 P. W. Botha, rais wa makaburu wa Afrika Kusini, alialikwa Moria kwenye mkutano mkubwa wa kanisa la Zion, umati wa waafrika weusi umekaa chini unamsikiliza, na alichowasomea ni Warumi 13. Mwaka huo huo wanateolojia wa Afrika Kusini wakatoa Waraka wa Kairos, wakasema wazi kwamba kuitumia sura hiyo kubariki ubaguzi ni kuipotosha, kwamba Paulo hakua anatoa hundi wazi kwa kila serikali, na ukitaka kuona Biblia inasemaje serikali inapogeuka mnyama soma Ufunuo 13. Warumi 13 na Ufunuo 13, namba moja, kitabu kimoja, ufalme ule ule wa Rumi. Semina ya serikali na Biblia ambayo haitaji Ufunuo 13 hata mara moja siku ya kwanza ni ya kurudishiwa hela.

Chakula: wali, maharage, nyama vipande viwili, mchicha, tikiti. Foleni ndefu ila wapishi walikua wachangamfu na pilipili ilikua ya maana. Chai ya asubuhi maandazi na mihogo, siku ya pili wakaongeza mayai. Vyoo visafi. Naendelea.

Siku ya pili nilikua nimeshakata tamaa, nilienda kwa sababu hela ilishatoka. Akapanda mama mmoja mtu mzima, mstaafu, zamani hakimu wa mahakama ya mwanzo, hana slaidi, ana Biblia imechakaa na miwani ya kamba. Shikamoo zikapita, akasema fungueni Kumbukumbu la Torati 17 kuanzia mstari wa 14, na kila mtu asome mwenyewe kimya, mkimaliza mniambie mfalme amekatazwa nini. Watu tukaanza kutaja: asijizidishie farasi, asiwarudishe watu Misri, asijizidishie wake, asijikusanyie fedha na dhahabu nyingi mno. Akasema haya, na ameamriwa nini? Kimya. Ameamriwa kitu kimoja tu, ajiandikie nakala ya torati, akae nayo, aisome siku zote za maisha yake, ili moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Akatuuliza, mnaona hapo wameandika ajenge nini, avishinde vita vingapi? Hamna. Sheria ya kwanza ya ufalme kwenye Biblia ni sheria ya kumpunguza mfalme, tena imeandikwa kabla hata mfalme hajapatikana.

Alafu akatupeleka 1 Wafalme 10 na 11, kwa Sulemani, yule tunayemuimbia hekima. Dhahabu iliyomfikia kwa mwaka talanta 666. Magari ya vita 1,400, wapanda farasi 12,000, na farasi wenyewe wanatoka wapi, Misri. Wake 700 na masuria 300. Akasema chukueni ile orodha ya Kumbukumbu mweke alama ya tiki kila alipovunja. Ukumbi mzima ukaguna. Mimi nimekulia kanisani, shule ya Jumapili, umoja wa vijana, kwaya, na sijawahi kusikia mtu akiziweka hizo sura mbili pamoja, zikiwa zimekaa pale miaka yote. Na yule mama hata hakutaka kumchafua Sulemani, alisema tu kwamba mwandishi wa Wafalme hajazitaja hizo hesabu kwa ajili ya kumsifia, msomaji Myahudi aliyeijua torati alikua anaelewa anachoambiwa.

Kutoka hapo akarudi nyuma 1 Samweli 8, watu wanataka mfalme kama mataifa mengine, Samweli anawapa orodha ya bei. Atawachukua wana wenu wawe wa magari yake, atachukua binti zenu wawe wapishi na waokaji, mashamba yenu mazuri awape watumishi wake, sehemu ya kumi ya mbegu na ya kondoo, na siku hiyo mtalia. Wakasema sawa tu tunataka. Mama hakimu akasema angalieni na kilichowafikisha hapo, mstari wa tatu, wana wa Samweli waliopewa uamuzi kule Beer-sheba walikua wanakula rushwa. Samweli mwenyewe msafi, sura ya 12 anasimama mbele ya taifa zima anauliza nimetwaa ng'ombe wa nani, nimetwaa punda wa nani, nimepokea rushwa kwa nani, na watu wanakiri hujachukua kitu. Mtu anayeweza kuuliza hivyo siku ya kustaafu ni wachache sana. Lakini watoto aliwapa vyeo mwenyewe. Akanyamaza kidogo akatuangalia juu ya miwani, na kila mtu ukumbini alikua na jina lake kichwani nadhani.

Rehoboamu mwana wa Sulemani nae tulimpitia, wazee wanamwambia ukiwa mtumishi wa watu hawa leo watakua watumishi wako siku zote, yeye akasikiliza vijana aliokua nao, akajibu watu kwa ukali, makabila kumi yakaondoka. Hapo kuna kipande nilikua sikijui, baada ya kuharibu akamtuma Adoramu, msimamizi wa shokoa (kazi za kulazimishwa), kwenda kwa watu walewale waliolalamikia shokoa! Wakampiga mawe akafa na mfalme akapanda gari akakimbia Yerusalemu. Mama akasema kiongozi akishaacha kusikia hata mjumbe wa kumtuma anakosea kumchagua.

Ila kipande kilichonifanya niandike hii rivyu ni shamba la Nabothi lililotamaniwa na mfalme Ahabu, mume wa Yezebeli, 1 Wafalme 21. Wahubiri wengi wanaishia kwenye Yezebeli mwanamke mbaya, basi. Huyu mama amekaa mahakamani maisha yake yote, akaisoma kama faili la kesi. Akasema hebu tazameni, je Yezebeli alituma majambazi usiku? Hapana. Aliandika barua, akapiga muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee na watu wakubwa wa mji wa Nabothi. Wakatangaza mfungo. Wakamkalisha Nabothi mbele ya watu. Wakaleta mashahidi wawili, kwa sababu torati inataka mashahidi wawili kwa kosa la kifo. Wakatoa ushahidi kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Hukumu ikatolewa, wakamtoa nje ya mji kama sheria inavyotaka, wakampiga mawe. Kila hatua ina karatasi yake. Akasema mimi nimeona faili zimenyooka namna hiyo na ndani yake mtu kadhulumiwa kiwanja cha baba yake. Na swali lake halikua kwa Ahabu, lilikua kwa wale wazee wa mji: hakuna hata mmoja aliyesema hii barua siisomi. Walikua wanamjua Nabothi, ni jirani yao, wamekua nae.

Kwa watu wa Morogoro, mnajua habari za mashamba na mipaka, ukumbi ulikua kimya mno.

Ndo baada ya hapo akalijibu lile swali la kijana wa jana, bila hata kuulizwa, nadhani aliambiwa jioni. Akasema kutii mamlaka kupo na kunatakiwa, serikali ni kitu chema, bila hiyo mwenye nguvu angekula wote, lakini mitume walewale walipokatazwa kuhubiri walisema "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu", na hawakukimbia adhabu, walipigwa wakaendelea. Akataja Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, ambaye yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji, na tarehe 16 Februari 1977 akauawa pamoja na mawaziri wawili, serikali ikatangaza ni ajali ya gari. Akamtaja pia Askofu Alexander Muge wa Eldoret, Kenya, aliyeonywa hadharani na waziri kwamba akikanyaga Busia hatatoka hai, Agosti 1990 akaenda, na akafa kwa ajali barabarani wakati wa kurudi. Alisema tu hayo mawili, hakuongeza chumvi, akarudi kwenye Biblia kwa nabii Nathani na mfalme Daudi, "Wewe ndiwe mtu huyo". Akasema tofauti ya Daudi na Ahabu sio kwamba mmoja hakukosa, wote waliua mtu wakachukua cha kwake, tofauti ni kwamba Daudi alipoambiwa hakumfunga aliyemwambia.

Mchana akafanya Nehemia 5, kwa wale wahazini wenzangu hii ingewafaa sana. Watu wamekopa kulipa kodi ya mfalme, wameweka rehani mashamba na watoto, wakopeshaji ni ndugu zao wenyewe. Nehemia anaitisha mkutano, anawaambia warudishe mashamba na riba, na anawaapisha mbele ya makuhani. Alafu anaeleza matumizi ya ofisi yake: maliwali waliotangulia walitoza watu chakula, divai na shekeli 40 za fedha, yeye miaka 12 hakula posho ya liwali ingawa mezani kwake walikua watu 150, kwa siku ng'ombe mmoja na kondoo sita na kuku. Yani jamaa ametoa hesabu ya jikoni hadharani. Mama akaunganisha na kwetu, Azimio la Arusha la 1967 lilivyomkataza kiongozi kua na hisa kwenye kampuni, kua mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili, kupangisha nyumba, na jinsi masharti hayo yalivyolegezwa Zanzibar mwaka 1991. Akasema hakuna aliyesema Mwalimu Nyerere aliinakili torati ila wazo la kwamba kiongozi anafungwa mikono kwanza ndo apewe madaraka ni la zamani kuliko vyama vyote. Na akatukumbusha kwamba sheria ya maadili ya viongozi wa umma ya mwaka 1995 ipo, viongozi wanatakiwa kutamka mali na madeni yao, akauliza ni kanisa gani humu ndani mchungaji na mhazini wanafanya hivyo. Hakuna mkono ulionyanyuka, na masofa ya mbele ndo yalikua kimya zaidi.

Kosa moja la siku ya pili: hakupewa muda. Mshereheshaji alimkata saa kumi kasoro ili kwaya iimbe, watu walikua bado wana maswali chungu nzima, na Yethro, mkwe wa Musa, wa Kutoka 18 aligusiwa kwa dakika tano tu. Kwaya nzuri sawa lakini jamani.

Siku ya tatu. Asubuhi ilikua juu ya Danieli na Yusufu, wanafanya kazi kwenye serikali za watu wasiomjua Mungu wao, mwalimu alikua mtulivu na alijiandaa. Hapo mzee mmoja nyuma akauliza swali nililolipenda, kwamba nchi yetu ina Waislamu na Wakristo na wasio na dini, marais wetu wamekua wa dini zote mbili, sasa mkisema kiongozi wa kimungu mnamaanisha wetu tu? Mwalimu akajibu vizuri, akasoma Isaya 45, Koreshi mfalme wa Uajemi anaitwa masihi wa Bwana, yani mpakwa mafuta wake, na mistari michache mbele anaambiwa ingawa hukunijua. Kigezo cha manabii kwa wafalme ni haki kwa maskini, yatima na mjane, hata Yeremia 22 anamwambia mwana wa Yosia kwamba baba yako alihukumu maneno ya maskini, na hiyo ndo maana ya kumjua Bwana. Mtu anaweza kukaa mstari wa mbele kanisani kila Jumapili na akafeli hapo. Ningependa hili lingekua somo zima badala ya jibu la dakika kumi, kwa sababu nchi yetu ndo hivyo ilivyo, mtendaji wa mtaa wangu ni Mwislamu na ndo mtu anayefungua ofisi saa moja na nusu asubuhi bila kuomba hela ya soda.

Mchana ndo mambo yakaharibika. Akaja mtumishi mgeni kufundisha "kulinda upako wa kiongozi", na msingi wake wote ni "Msiwaguse masihi wangu". Kumhoji kiongozi wa kanisa kuhusu hela, ni kumgusa. Kuandika kuhusu kiongozi wa serikali, ni kumgusa. Mimi nikaenda Zaburi 105 yenyewe, mstari wa 14 na 15, nyie fungueni muone. Masihi wanaoongelewa hapo ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, watu wachache, wageni, wanatangatanga toka taifa hili hadi lile, na wanaoambiwa msiwaguse ni wafalme! "Hata wafalme aliwakemea kwa ajili yao." Ni mstari wa kumlinda mpita njia dhidi ya mwenye jeshi, leo unatumika kumlinda mwenye msafara dhidi ya mama anayeuliza risiti. Na hata Daudi anayetajwa kila mara kwamba hakumgusa Sauli, kweli hakumuua, lakini alitoka nje ya pango akiwa ameshika pindo la vazi lake akamwambia kwa sauti mbele ya askari wote kwamba unaniwinda bila kosa na Bwana atahukumu kati yetu. Kutomuua mtu na kutomwambia ni vitu viwili.

Akamalizia kwa kuita watu wenye maono ya udiwani, ubunge na uenyekiti waje mbele na "mbegu ya uongozi" wapakwe mafuta, kuanzia elfu hamsini. Hii haikua kwenye bango wala kwenye ada. Watu walienda, tena wengi, nikaona na kijana mmoja anakopeshwa na mwenzake. Matendo 8 kuna mtu anaitwa Simoni alileta hela kwa Petro apewe uwezo, na Petro alimjibu fedha yako ipotelee mbali pamoja nawe, sasa sisi tunaweka kabisa na kiwango cha chini. Wakenya walitupa mfano Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa michango ya wanasiasa akiwemo Rais Ruto mwenyewe, likasema zirudishwe. Na kwenye Waamuzi 9 kuna Abimeleki, aliyepewa vipande 70 vya fedha kutoka nyumba ya Baal-berithi, akaajiri wahuni, akaua ndugu zake 70, ndo akawa mfalme. Hela ya madhabahuni ikitembea kuelekea kwenye siasa au ikirudi, mimi sioni imewahi kuzaa kitu kizuri popote kwenye kitabu hicho.

Kuhusu kitini: karatasi nzuri, rangi, lakini marejeo ya mistari yamekosewa sehemu kadhaa, mfano Yethro wamemuweka Kutoka 16, na siku ya pili yote haina hata ukurasa kwa sababu mama hakutumia slaidi, kwa hiyo kilicho bora ndo hakijaandikwa. Nendeni na daftari. Cheti kinatolewa Jumamosi jioni, changu jina la pili limeandikwa vibaya, wameahidi kurekebisha.

Kama wewe ni mzee wa kanisa, mhazini, mwenyekiti wa mtaa, mwalimu wa vijana au mtu unayefikiria kugombea, nenda, lakini kabla ya kulipa wapigie uulize kitu kimoja, yule mama hakimu mstaafu anafundisha au hafundishi. Kama hayupo usilipe elfu sitini, kaa nyumbani na Kumbukumbu 17, 1 Samweli 8 mpaka 12, 1 Wafalme 10 mpaka 12 na 21, na Nehemia 5, ni jioni chache tu. Ada ya siku moja moja haipo, nimewaambia waiweke, wangejaza ukumbi. Na kama huna nafasi kabisa wanauza rekodi kwenye flashi, elfu kumi kwa siku, chukua ya siku ya pili tu, sauti iko sawa mpaka kwenye Nabothi, baada ya hapo umeme ulikatika kwa hiyo Nehemia utamsikia na jenereta.